Gerrit Rietveld, seremala aliyeonyesha mifupa ya kiti

Kabla hujaendelea, geuka kidogo uangalie kiti ulichokalia. Je, unaweza kuona kimeungwaje? Pengine huoni. Viungo vyake vimejificha chini ya kitambaa, rangi au plastiki, nawe unaona umbo tu. Leo tunakuletea maisha ya seremala wa Uholanzi aliyefanya kinyume cha hayo. Alitengeneza kiti ambacho kila kipande chake unakiona: kinapoanzia, kinapoishia na kinapokutana na mwenzake.

Huenda umeshakiona katika somo la sanaa shuleni: ubao wa kuegemea mwekundu, ubao wa kukalia wa buluu, na fremu nyeusi yenye ncha za manjano. Watu wengi wanakikumbuka kwa rangi hizo. Lakini kiti kile kilikaa miaka mitano hivi bila rangi yoyote. Ukitaka kumwelewa aliyekitengeneza, Gerrit Rietveld, anza na mbao kwanza, rangi utazikuta mbele.

Utoto karakanani

Gerrit Thomas Rietveld alizaliwa tarehe 24 Juni 1888 katika mji wa Utrecht, katikati ya Uholanzi. Baba yake alikuwa seremala wa samani mwenye karakana yake mwenyewe. Familia ilikuwa ya Kiprotestanti, yenye kushika dini kwelikweli.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, Gerrit aliacha shule akaingia karakana ya baba yake. Kama wewe una umri huo, hebu fikiria: wenzako wamebeba madaftari, wewe umeshika randa, patasi na msumeno tangu asubuhi. Leo tungesema mtoto huyo amenyimwa haki yake, na tungekuwa sahihi. Wakati ule familia nyingi za mafundi ziliona hiyo ndiyo njia ya kumhakikishia mtoto riziki.

Samani zilizopendwa na wateja wenye pesa zilikuwa nzito na za rangi ya giza, zenye nakshi na miguu ya kuchongwa, zikiiga mitindo ya zamani. Gerrit alijifunza kuzitengeneza. Alijifunza pia jambo ambalo halisomwi kitabuni: mti unavyotii mkono, unavyokataa, na unavyopasuka ukiulazimisha.

Lakini kiu ya elimu haikumtoka. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuchora katika kampuni ya masonara ya Begeer, hapohapo Utrecht, na jioni alihudhuria masomo. Baadaye alijifunza kwa msanifu majengo aitwaye P. J. C. Klaarhamer, mtu aliyependa vitu vinyoofu visivyo na mapambo mengi. Mwaka 1911 alimwoa Vrouwgien Hadders, nesi, wakajaliwa watoto sita. Mwaka 1917, akiwa na miaka 29, alifungua karakana yake mwenyewe.

Kiti kabla ya rangi

Angalia ule mwaka vizuri. Ulaya ilikuwa katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Uholanzi haikuingia vitani, lakini pande zote za mipaka yake watu walikuwa wakifa kwa mamilioni. Vijana wengi walianza kujiuliza kama mambo ya zamani waliyorithi, pamoja na majumba na samani za fahari, yalikuwa na maana tena. Rietveld naye alijiuliza, ila swali lake lilikuwa la kiseremala: kiti ni nini hasa?

Akajibu kwa mikono. Mnamo mwaka 1918 hivi alichukua papi, yaani mbao nyembamba ndefu zilizokatwa kwa mashine, zote za unene mmoja. Akachukua papi 13, vipande viwili vya kuwekea mikono, na mbao mbili pana: moja ya kukalia, moja ya kuegemea. Basi. Hakuna nakshi, hakuna mto, hakuna mguu wa kuchongwa. Mbao zile mbili zimelala mshazari juu ya fremu, mfano wa mtu aliyejinyoosha akipumzika.

Sasa tazama alivyoziunga, maana siri iko hapo. Kwa kawaida seremala hutoboa tundu katika mti mmoja na kuchonga ulimi katika mti mwingine, kisha ulimi huingia tunduni. Mti mmoja unaishia ndani ya mwenzake. Rietveld hakufanya hivyo. Papi zake zinapishana tu, zikigusana ubavu kwa ubavu, na kila moja inaendelea mbele kidogo baada ya kukutana na mwenzake. Ndani, mahali usipopaona, kuna kijiti kidogo cha mti na gundi vinavyozishika.

Chukua penseli tatu ujaribu. Simamisha moja. Laza ya pili igusane nayo, ielekee kushoto na kulia. Laza ya tatu iziguse zote mbili, ielekee kwako. Moja inaonyesha kimo, nyingine upana, nyingine kina. Hakuna iliyokatwa ili kuipisha nyingine. Kiungo hicho cha penseli tatu ndicho kinachobeba kiti chake, na wanaosoma usanifu hadi leo hukiita kwa jina lake.

Ipo picha maarufu ya miaka ile. Rietveld ameketi nje ya karakana juu ya kiti hicho, bado mbao tupu, na wasaidizi wake wamesimama kando. Mmoja wa vijana walioanza kazi kwake enzi hizo, Gerard van de Groenekan, alikuja kuirithi karakana mwaka 1924 na aliendelea kutengeneza samani za Rietveld kwa miaka mingi sana.

Wazazi wetu hupenda kutuambia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ukimwangalia Rietveld kwa haraka, utasema aliiacha asili yake: hakufuata nakshi za samani alizokua akiziona. Lakini nani angeweza kuunga papi namna ile bila kukulia karakanani? Alijua mti mwembamba utabeba uzito gani. Alijua kijiti cha ndani kiwe na urefu gani ili kiungo kisilegee. Umbo lilikuwa jipya. Ufundi ulikuwa uleule aliofundishwa na baba yake.

Wenzake wa De Stijl

Mwaka huohuo wa 1917 jarida jipya lilianzishwa Uholanzi na mchoraji Theo van Doesburg. Liliitwa De Stijl, maana yake Mtindo. Walioandika na kuchora humo walitaka sanaa iliyobaki na vitu vichache kabisa: mstari ulionyooka, pembe mraba, na rangi za msingi, yaani nyekundu, buluu na manjano, pamoja na nyeusi, nyeupe na kijivu. Waliziita za msingi kwa sababu mchoraji hawezi kuzipata kwa kuchanganya rangi nyingine. Miongoni mwao alikuwamo Piet Mondrian, ambaye michoro yake ya miraba na mistatili ya rangi huenda umeiona hata kwenye nguo na mifuko.

Rietveld alijulikana kwao kupitia kazi yake. Msanifu majengo Robert van 't Hoff, aliyekuwa amekwenda Marekani na kuona majengo ya Frank Lloyd Wright, alimpa kazi ya kutengeneza samani za kufuata mtindo wa Wright. Kufikia mwaka 1919 Rietveld alikuwa mmoja wao, na kazi zake zikaanza kutokea katika jarida. Mojawapo ya zile za mwanzo ilikuwa kiti cha mtoto mdogo. Miaka michache baadaye alitengeneza pia toroli la kuchezea la watoto kwa kutumia maumbo machache tu, kama pembetatu na duara. Hakuona kwamba kazi ya watoto ni ndogo.

Mnamo mwaka 1923 hivi ndipo kile kiti kikapata rangi. Kila rangi ilipewa kazi yake. Fremu ilipakwa nyeusi, ikakaa kimya nyuma. Ubao wa kukalia ukawa wa buluu, wa kuegemea ukawa mwekundu, ili kila bapa lijitenge na jingine na yaonekane kama yanaelea. Ncha za papi, pale msumeno ulipopita, zikapakwa manjano. Jicho lako likifika kwenye ncha hiyo linaambiwa: mti umekatwa hapa, lakini mstari ungeweza kuendelea.

Kwa hiyo rangi hazikupakwa ili kupamba. Zilipakwa ili uone vizuri zaidi kile ambacho mbao zilikuwa zimeshasema.

Nyumba ya Truus

Mtu aliyemwamini Rietveld kuliko wengi alikuwa mwanamke aitwaye Truus Schröder. Mume wake, mwanasheria, alifariki mwaka 1923 akamwachia watoto watatu. Truus hakutaka kuendelea kuishi katika nyumba kubwa yenye dari ndefu na desturi nyingi. Alitaka kuishi karibu na watoto wake, ghorofa ya juu, penye mwanga. Akamwendea Rietveld, ambaye alikuwa amewahi kumtengenezea chumba upya. Rietveld alikuwa hajawahi kusanifu nyumba nzima.

Wakaifikiria pamoja, na mwaka 1924 nyumba ilisimama katika mtaa wa Prins Hendriklaan, Utrecht, mwishoni mwa safu ya nyumba za kawaida za matofali. Ukiitazama kwa nje utadhani ni kile kiti kimekuwa kikubwa: bapa jeupe hapa, la kijivu pale, nguzo nyembamba za rangi zinazopita mbele ya ukuta. Utadhani pia imejengwa kwa zege tupu. Sivyo. Sehemu kubwa ni matofali yaliyopigwa lipu, na sakafu zake ni za mbao.

Ghorofani ndiko kwenye maajabu. Kuta zake husukumwa na kukunjwa. Mchana wanazifungua, na ghorofa inakuwa ukumbi mmoja wa kucheza, kula na kuzungumza. Usiku wanazivuta, na kila mtu anapata chumba chake. Sheria za ujenzi za wakati ule hazikutazamia nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo kwenye ramani zilizopelekwa serikalini ghorofa hiyo iliandikwa kuwa dari ya kuhifadhia vitu. Kwenye kona moja madirisha mawili yanakutana bila nguzo katikati. Ukiyafungua yote mawili, kona inatoweka na unabaki na hewa tu.

Wapita njia waliishangaa, na wengine waliicheka. Kama umewahi kuulizwa mbona nyumbani kwenu mnakaa hivi, mnakula hivi, mnazungumza hivi, unaweza kuwaza ilikuwaje kwa wale watoto watatu. Lakini mmoja wao, Han, alikua akawa msanifu majengo mwenyewe. Rietveld na Truus waliendelea kushirikiana katika kazi za usanifu kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilijengwa nyumba walizozibuni pamoja ng'ambo ya njia.

Samani za masanduku

Katikati ya sifa hizo, jambo moja lilimsumbua Rietveld. Alitumia papi za kiwandani kwa sababu alitumaini kwamba viti vyake vingeweza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Haikuwa hivyo. Vilitengenezwa kimoja kimoja, na walionunua walikuwa wachache.

Hakukata tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, alibuni kiti cha mbao nne tu zilizoungwa mfano wa herufi Z. Hakina miguu. Ukikiona utadhani kitaanguka, lakini kimeshikwa na meno ya mbao yanayoumana na kabari kwenye pembe. Mwaka 1934 akaenda mbali zaidi: akatengeneza samani kwa mbao za bei rahisi zinazotumika kutengenezea masanduku ya kufungashia mizigo. Ziliuzwa na duka la Metz & Co. la Amsterdam zikiwa vipande, na mnunuzi aliweza kuziunga mwenyewe nyumbani. Kama umewahi kukaa sakafuni na baba au mama mkifungua boksi la kabati na kutafuta skrubu iliyopotea, wazo hilo si geni kwako.

Wapo waliosema kutumia mbao za masanduku ni kushusha hadhi ya ufundi. Kwa Rietveld, kiti cha heshima ni kile kinachoweza kumfikia mtu asiye na pesa.

Vita na miaka ya mwisho

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi. Wavamizi waliunda chombo ambacho kila msanii na msanifu alitakiwa kujiandikisha ndipo aruhusiwe kufanya kazi. Rietveld alikataa kujiandikisha. Alikuwa amevuka miaka 50, ana familia, na kukataa kulimaanisha kukosa kazi za wazi mpaka vita viishe. Aliyekwisha kutoa nakshi kwenye kiti kwa sababu hakutaka kudanganya, hakuwa tayari kutia saini yake mahali asipopaamini.

Baada ya vita kazi zilirudi, tena nyingi. Alisanifu jumba la Uholanzi kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, na banda la sanamu katika bustani ya Sonsbeek mjini Arnhem mwaka 1955. Alipata pia nafasi aliyoisubiri muda mrefu ya kusanifu makazi ya watu wa kawaida, huko Hoograven mjini kwake Utrecht. Mke wake Vrouwgien alifariki mwaka 1957, na baada ya hapo Rietveld alihamia katika ile nyumba ya Prins Hendriklaan.

Mwaka 1964 chuo cha ufundi cha Delft kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari. Mtoto aliyeacha shule na miaka 11 aliitwa daktari. Mwaka huohuo, tarehe 25 Juni, siku moja baada ya kutimiza miaka 76, alifariki dunia katika nyumba ya Truus. Kazi nyingine zilimaliziwa na wenzake. Mojawapo ni jumba la makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 1973.

Alichotuachia

Kabla hajafa, barabara kuu iliyoinuliwa ilijengwa mbele ya ile nyumba, mahali palipokuwa na uwanda wazi. Rietveld aliona nyumba imepoteza maana bila mandhari yake, na kwamba hata ikibomolewa si kitu. Truus hakukubali. Aliishi humo na kuitunza mpaka alipofariki mwaka 1985 akiwa na miaka 95. Mwaka 2000 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo unaweza kuingia ukaona kuta zikisukumwa.

Na kiti je? Kipo katika majumba ya makumbusho, likiwamo MoMA la New York na Centraal Museum la Utrecht, na hutaruhusiwa kukikalia. Kampuni ya Cassina ya Italia inakitengeneza na kukiuza, lakini kwa bei ambayo familia nyingi haziwezi. Kiti kilichokusudiwa watu wengi kimekuwa cha wachache. Ukikutana nacho siku moja, usiishie kwenye rangi. Inama kidogo kando yake, utafute pale papi tatu zinapokutana, uone kwamba hakuna hata moja iliyokatwa ili nyingine ipite.

Ya kufanya na kuzungumza nyumbani

1. Kata vipande vya kadibodi ngumu na vijiti vya kuchomea mishikaki. Jaribu kuunda kiti kidogo ambacho kila kiungo chake kinaonekana. Mwonyeshe mzazi wako na umweleze kwa Kiswahili kila kipande kinafanya kazi gani.

2. Muulize babu, bibi, mjomba au shangazi: katika familia yetu nani alikuwa fundi, na wa nini? Andika majina matano ya vifaa vyake kwa Kiswahili, kama randa, patasi, tupa, msasa na kabari.

3. Mjadala wa watoto na wazazi: Rietveld alibakiza nini katika urithi aliopewa na baba yake, na aliacha nini? Je, nyinyi nyumbani mnapenda kubakiza nini, na mko tayari kubadilisha nini?